Mahindi Yaliyorudishwa

Mwaka wa tatu mahindi ya Tshibola yalirudi kwenye beseni lile lile, yamefunikwa kwa kitambaa kile kile, ila sababu ilikuwa mpya. Mwaka wa kwanza dada yake, Mbuyi, alisema tumbo linamsumbua. Mwaka wa pili, meno. Safari hii Mbuyi alimtuma jirani yake, Mama Wivine, aje aseme kwamba yuko kwenye maombi ya kufunga, na mtu aliyefunga hali mahindi. Tshibola alipokea beseni, akamshukuru Mama Wivine kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi ndani akafunga mlango na kutukana peke yake jikoni mpaka koo likakauka.

"Kufunga! Mi nilimuona asubuhi mu Manika, anakula mikate, mafuta inamwangika mpaka ku kidevu!"

Ili uelewe hasira hiyo, inabidi uijue desturi ya nyumba yao. Babu yao aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na familia ilikuja na desturi za kwao, nyingine ikajitungia hapa hapa Kolwezi. Hii ya mahindi nadhani ni ya kujitungia, maana Wakasai wengine mjini ukiwauliza wanakushangaa. Mtoto akivuna mahindi mabichi ya kwanza ya shamba lake, hakuna anayeyagusa mpaka yafike kwa mkubwa wa familia. Mkubwa huyachemsha, huweka kiti nje ya mlango wake, akala hindi la kwanza mbele ya wapita njia. Akiulizwa anakula nini, hujibu: ni ya fulani, mtoto wetu. Hakuna ngoma wala hotuba. Lakini asiyeliwa mahindi yake ni kama hajazaliwa humo.

Mama yao alipofariki, ukubwa ulimwangukia Mbuyi, yaya wao, yaani dada yao mkubwa, aliyembeba Tshibola mgongoni tangu hajaota meno. Sasa mwanamke huyo huyo, aliyekuwa akimfuta makamasi kwa kanga yake, alikuwa anatunga magonjwa ili asile chakula chake. Hilo ndilo lililomkaa Tshibola kooni. Jina la Mama Mavi aliloitwa na watoto wa mtaa hakulijali, wala benchi la kanisani ambalo watu waliliacha wazi kulia na kushoto kwake. Mume wake alikwenda Kisenge kutafuta kazi kwenye mgodi wa manganizi miaka mingi iliyopita, na tangu hapo anatuma salamu. Na hilo pia alishalizoea. La Mbuyi hakulizoea.

Kosa la Tshibola lilikuwa kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa hivi.

Kolwezi imevimba. Kila siku wanashuka vijana kutoka pande zote za Kongo, wanakuja kuchimba, na hakuna hata mmoja aliyeliacha tumbo lake kwao. Wote wanakula, na kinachofuata baada ya kula unakijua. Lakini muulize mtu yeyote mjini hapa kile chote kinakwenda wapi, atakutazama kana kwamba umemtukana mama yake. Shimo la choo likijaa wanaita kamyo ya vidanje, lori la kunyonya vyoo kwa mpira mnene, wanafunga madirisha, wanangoja iondoke. Ikishaondoka, yamekwisha. Kumbe kamyo ilikuwa inakwenda kumwaga kijitoni, na chini kidogo ya hapo akina mama wanachota maji yale yale kumwagilia mboga ya lengalenga, na lengalenga hiyo inapanda Manika sokoni ikiwa mbichi na inang'aa, na Mbuyi anainunua. Nyani haoni kundule.

Chama cha usafi cha mtaa ndicho kilichosema basi. Nje kidogo ya mji palikuwa na vitanda vya zamani vya kukaushia tope, vya enzi ambazo nyumba za wafanyakazi wa mgodi zilikuwa na mifereji yake. Marehemu Tata Kabongo, baba yao akina Tshibola, alifanya kazi pale. Vitanda vilikuwa vimeota nyasi, na mabomba yalishaibwa yakauzwa vyuma chakavu. Chama kikafyeka, kikatandika kokoto chini na mchanga juu, kikatafuta mtu wa kuviangalia. Hakuna aliyetaka. Tshibola akataka.

Tata Lukusa, dereva wa kamyo, alimwaga kitandani, maji yakapenya mchangani, tope likabaki juu kukauka. Likishakauka Tshibola alilikata kwa sepeto, akalichanganya na unga wa mbao na majani, akalirundika. Rundo likianza kazi linachemka lenyewe kwa ndani. Alikuwa na kipande cha nondo alichokichomeka katikati ya rundo. Akikichomoa asiweze kukishika, alifurahi, maana moto ule ndio unaoua mayai ya minyoo na maradhi mengine. Alilipindua, likachemka tena, halafu akaliacha lipumzike mpaka linuke udongo wa msituni baada ya mvua. Mche wa nyanya ndio uliokuwa mpelelezi wake. Mbegu ya nyanya hupita tumboni mwa mtu nzima nzima, ikakaa shimoni nzima nzima, na hufa kwa moto wa rundo tu. Akiona mche mmoja wa nyanya umejiotea, rundo lote lilirudi mwanzo.

Na jambo jingine: Lukusa alikatazwa kabisa kuleta tope la nyumba wanazosafishia mawe uani, maana maji yale yana shaba, na shaba hiyo inaua mimea. Kwa hiyo katika mji mzima wa Kolwezi, ambapo watu wanachimba mpaka chini ya vitanda vyao vya kulalia, vile vitanda vya Tshibola huenda ndipo mahali pekee ulipokuwa na hakika hutapata kitu. Kumbuka hilo.

Mboji aliyoipata aliitia shambani kwake, nyuma ya vitanda. Mahindi yakatoka marefu, meusi kwa ubichi. Nayo ndiyo yaliyokuwa yanarudishwa.

Basi ukaja mwezi wa kumi, mvua zinanukia lakini hazijashuka. Tshibola alikuwa na rundo moja lililoiva, kavu, jepesi, tayari kwa shamba. Kando yake kulikuwa na kitanda kilichojaa tope bichi. Mchanga wa kitanda kile ulikuwa umeziba, maji yakasimama juu, jua likayapiga, na utando wa kijani ukatanda kutoka ukingo mpaka ukingo.

Siku hiyo alipita Gael, kijana mchimbaji aliyetoka mgodini Mutoshi akikata njia. Ungepita wewe ungeziba pua ukakimbia. Gael alikuwa ametumia nusu ya umri wake kutafuta kitu kimoja, na kitu hicho, jiwe la shaba, ni cha kijani. Aliruka ukingo, akachota bonge la tope, akalipima mkononi. Zito. Akaliweka mfukoni bila neno, akaenda zake. Tshibola alimwona kwa mbali, akadhani ni mwendawazimu.

Kesho yake, kulipopambazuka, alikuta watu.

Walikuwa wengi, na wengine wakija na magunia, beseni, ndoo, hata mikokoteni. Wachimbaji wa Mutoshi walikuwepo, na akina mama wa mtaani, na mzee mmoja wa kanisani kwake, yule yule aliyekuwa akihama benchi. Wamezama mpaka magotini. Wanachota kwa mikono.

"Mutoke!" Tshibola alipiga kelele. "Mutoke mule! Ni mavi!"

"Mama, usitudanganye," Gael alisema bila kuinua kichwa. "Mavi haiwe kijani."

"Ile ni majani ya mayi tu! Mayi ilisimama, jua ikapiga, ndo ikakuwa kijani! Hakuna kitu mule!"

"Kama hakuna kitu, juu ya nini unakataza?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Angenyamaza, wangesema amekubali. Akipiga kelele, wanasema analinda mali. Tshibola alimshika mmoja gunia, akasukumwa, akaanguka kwa makalio. Alipokuwa chini akawaonyesha rundo lililoiva.

"Kama munataka kitu ya maana, mubebe ile! Ndo nzuri! Bure!"

Gael alikwenda, akachota gao moja la mboji iliyoiva, akaipima. Nyepesi. Akaicheka, akaitupa. Tangu lini shaba ikawa nyepesi? Kwa hiyo kazi ya mwaka mzima, iliyo safi, isiyo na dhara, hawakuitaka hata bure, na lile bichi, lenye minyoo na kila balaa, waliligombania kwa viwiko. Ningekuwa mimi ningelia. Tshibola hakulia, maana macho yake yalikuwa yameshaona kitu kingine.

Katikati ya tope, kanga imepandishwa mpaka mapajani, Mbuyi alikuwa anajaza gunia.

"Yaya?"

Mbuyi aligeuka. Badala ya kuona aibu, akaja juu.

"Usiniite yaya! Miaka yote unatuambia ni mavi, ni mavi, kumbe ulifunika kariere, mugodi yako! Uliweka harufu makusudi, batu basikaribie! Na mi mukubwa wako, hata gunia moja haukunigawia!"

"Yaya, mahindi yangu ulikatala kushika. Hii unashika na mikono?"

"Mahindi ni mahindi," Mbuyi alisema, akalifunga gunia kwa kamba. "Hii ni mali."

Akajitwisha kichwani, akaondoka, maji ya kijani yakimchuruzika shingoni.

Yaliyotokea depo, mahali wafanyabiashara wanaponunulia mawe, Tshibola alihadithiwa na Tata Lukusa, ambaye alicheka mpaka akashika usukani. Gael alifika wa kwanza. Mnunuzi akaelekeza mashine yake ya kupimia kwenye gunia, mashine ikasoma, haikuona shaba wala kobalti. Akapima gunia la pili, la tatu. Kisha jua likapanda, magunia yakapata joto, na harufu ikaeleza yenyewe yale ambayo Tshibola alikuwa ameyapigia kelele alfajiri. Wakafukuzwa wote. Magunia yakatupwa mitaroni, njiani, nyuma ya nyumba. La kuvunda halina ubani.

"Unacheka," Tshibola alimwambia.

"Mama, mi nafanya nini? Shi inachekesha?"

"Na kamyo yako leo utamwanga wapi?"

Lukusa akaacha kucheka. Walikuwa wamechota mpaka mchanga, wakavuruga kokoto, wakavunja ukingo. Kitanda hakikuwepo tena, na kile kingine kilikuwa kimejaa. Akamwaga kijitoni, kama zamani. Tshibola alimwona kwa mbali akishusha mpira majini akitazama pembeni, na siku hiyo akachukia kila kitu: Lukusa, Gael, rangi ya kijani, na mji uliozaliwa juu ya mawe ukakosa akili ya kutofautisha jiwe na choo. Chama nacho kikamwita. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakamuuliza kwa nini hakulinda. Hawakumuuliza kama aliumia. Alifukuliwa kitanda chake, akalaumiwa yeye, akaambiwa akitengeneze yeye. Akakitengeneza, kokoto kwa beseni, akisaga meno. Waliobeba magunia walipita njiani wakimsalimia kana kwamba hakuna kilichotokea, na Jumapili benchi likabaki wazi vile vile, kulia na kushoto.

Mbuyi hakuja kuomba radhi. Alituma ujumbe kwamba mgongo unamuuma kwa sababu ya mzigo.

Mvua zilishuka. Rundo lililodharauliwa Tshibola alilitia shambani lote, na mahindi yakaota kwa hasira kama mwenyewe. Yalipokomaa, alikaa akiyatazama. Sauti moja ilimwambia ayachemshe ayale peke yake, desturi ife, kwani imempa nini? Lakini mkono wake ukachukua beseni, ukatafuta kitambaa. Safari hii hakutuma mtu. Kama ni kukataliwa, akataliwe uso kwa uso, ausikie ugonjwa wa mwaka huu kutoka kinywani mwa mgonjwa.

Alimkuta Mbuyi jikoni, mchangamfu kupita kiasi, kama mtu mwenye deni anayekutana na mdai.

"Ikala ku kigoda, ikala! Ni vizuri umekuya. Ona bile Mungu anafanya."

Akamsogezea sahani. Ndani yake nyanya mbichi zimekatwa, zimetiwa chumvi na kitunguu. Nyekundu, nono.

"Sikupanda," Mbuyi alisema. "Hakuna mutu alipanda. Yenyewe ilitoka, nyuma ya nyumba, mingi, mpaka nagawia bajirani. Tunakula kila siku. Kula, mudogo wangu."

Tshibola aliitazama sahani. Akasimama, akampita mjukuu wa Mbuyi aliyejikunja mkekani akishika tumbo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mnyanya ulikuwa umetambaa mpaka kwenye ukuta wa choo, majani yake mapana, na chini, kati ya mizizi, kilionekana kipande cha gunia kinachooza na kamba iliyofungwa kwa fundo alilolijua. Ndilo fundo Mbuyi alilokuwa akimfungia mkanda wa sare ya shule.

Alirudi akakaa. Akaisogeza sahani mbali naye.

"Yaya, mujukuu yako tumbo yake iko vipi?"

"Mutoto? Minyoo tu. Tangu Noeli tunamupa dawa, inatoka, inarudia. Ni maembe ile."

"Si maembe."

Mbuyi alimtazama. Akaitazama sahani. Akageuza shingo polepole kuelekea mlango wa nyuma. Hakuwa mjinga, Mbuyi. Alikuwa mkaidi tu, na hayo ni mambo mawili. Sura yake ikabadilika hatua kwa hatua mpaka maana ikafika.

"Ndo kusema nimekula mavi."

"Eh, yaya. Na bajirani yako pia."

"Mavi yako!"

"Yangu?" Hapo kila kitu kilichokuwa kooni tangu mwaka wa kwanza kikatoka. "Yangu ulikatala! Miaka tatu! Yangu inapita mu moto, napindua, nangojea, mpaka hakuna mududu inabakia. Mahindi yangu haina na kitu! Ile yenye ulikula, uliiba ikiwa mubichi! Nilikuambia, ukasema nafunika kariere! Tumbo, meno, kufunga! Mi niliuliza nini kwako? Hindi moja, yaya. Hindi moja tu, ukule, batu baone mi niko mutoto ya hii nyumba!"

Mbuyi alichukua sahani, akaimwaga kwenye ndoo ya taka, akabaki amesimama na sahani tupu, amempa mdogo wake mgongo. Kuku alikuja kuchungulia ndoo, akamfukuza kwa mguu.

"Ile moto," alisema mwisho, bado hajageuka. "Uliona we mwenyewe?"

"Nilishika na mukono."

"Weka mayi ku jiko."

Walimenya mahindi pamoja. Yalichemka, jikoni pakanuka utamu, harufu ya mama yao. Mbuyi alichagua hindi kubwa, akalipuliza. Kisha akaenda kwenye mlango wa mbele, akausukuma ukafungika, akaweka na komeo. Akarudi akakaa kwenye kigoda karibu na jiko, hindi mkononi.

"Juu ya nini unafunga?" Tshibola aliuliza, ingawa alijua.

"Batu, mudogo wangu. Unajua batu."

Mtu mwingine angeshukuru. Nusu shari kuliko shari kamili. Dada anakula, mengine ya nini? Tshibola aliwaza hivyo kweli kwa muda. Halafu akawaza beseni lililorudi, na tope lililochotwa na kila mtu mchana kweupe bila mlango wowote kufungwa. Akainuka. Akatoa komeo. Akafungua mlango mpaka ukagonga ukuta, akachukua kiti, akakiweka nje, barabarani kabisa, mahali mama yao alipokuwa akikiweka.

"Sitakuomba tena," alisema. "Kula pale, ao nibebe mahindi yangu niende."

Jikoni maji yaliendelea kutokota. Kisha Mbuyi alitoka, akanuna, akakikalia kiti kana kwamba kina moto, akang'ata.

Aliyepita wa kwanza alikuwa Mama Wivine, na kichwani ana beseni la nyanya alizogawiwa asubuhi. Akasimama.

"Mama Mbuyi! Shi ulinituma kusema uko ku maombi ya kufunga?"

Mbuyi alitafuna. Akameza, Tshibola akisikiliza nyuma ya mlango.

"Nilimaliza," alisema. "Ni mahindi ya Tshibola, mutoto yetu. Weka chini ile nyanya, uingie ukule."